Deki ya Mzee Kassiani

Mimi naitwa Minza, ni fundi, na karakana yangu iko Makanyagio, nyuma ya mashine ya kusaga. Nikikwambia nina hasira usidhani najisifu. Marehemu mama alikuwa akisema hasira za Minza zinakaa mlangoni, ukibisha tu ndizo zinazokufungulia. Kwa hiyo siku ile Eufrazia aliposhusha lichuma limejaa kutu mbele ya karakana yangu, nami ndiyo kwanza nimenawa mikono nile mihogo yangu, nilimfokea hata kabla ya salamu.

"We Eufrazia, nani kakwambia hapa jalalani?"

"Shikamoo, dada Minza."

"Marahaba. Nani kakwambia hapa jalalani?"

Hakucheka. Eufrazia namjua, tunaimba kwaya moja, ni mtu wa kucheka hata mahali pasipochekesha. Alipokosa kucheka nikaiacha mihogo. Ndipo nikaona kwamba kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu aliyokuja nayo, kulikuwa na kiti cha plastiki kimefungwa kwa kamba, na juu ya kiti ameketi baba yake, mzee Kassiani. Mkono wa kulia umelala pajani. Wa kushoto ulikuwa bado umenyooka kuelekea lile lichuma, yaani alikuwa amelishika njia nzima.

"Amekataa lije peke yake," Eufrazia akasema.

Lichuma lenyewe ni deki. Parokia yetu, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Litapunga, ina kitrekta kidogo cha kukatia nyasi, cha mtu kupanda na kuendesha. Chini ya tumbo la kitrekta kunafungwa kitu mfano wa sinia kubwa lililogeuzwa, na ndani ya sinia hilo kuna visu viwili vinavyozunguka. Hilo sinia ndilo deki. Bila deki, kitrekta ni kiti cha kuzururia tu. Kilikuja na boti zamani hadi misheni ya Karema, kando ya ziwa, baadaye kikahamishiwa huku, na kijana aliyekuwa akikiendesha kule ziwani akahama nacho. Kijana huyo ndiye mzee Kassiani. Ameukata uwanja wa parokia mpaka watoto aliokuwa akiwafukuza wasichezee mashine sasa wanaleta wajukuu kubatizwa.

Halafu kiharusi kikampiga. Masika mawili yamepita toka hapo, kitrekta kimekaa bandani, na visu vimeganda, havizunguki hata uvipigie magoti.

"Nyumba tunayokaa ni ya mtunza uwanja," Eufrazia akaniambia, huku anafungua kamba za kiti. "Halmashauri ya walei wametuvumilia, dada, siwezi kuwasema vibaya. Lakini kuna huyu Danford, ana vijana wake wa mafyekeo. Anataka kazi, na nyumba anaitaka. Mimi nimewaambia nitaifanya kazi ya baba. Wakasema sawa. Mashine ikiukata uwanja kabla ya kipaimara, kazi yako, nyumba mbaki. Isipokata, mtoke."

"Mtoke mwende wapi?"

"Sasa ndiyo unaniuliza nini, dada Minza? Mimi na watoto na mgonjwa. Ningekuwa na pa kwenda ningekuja kwako na chuma?"

"Kipaimara lini?"

"Jumapili. Siyo hii, ile nyingine."

Nikaliangalia deki. Nikamwangalia mzee. Sasa hapa lazima ujue kwamba mimi Msukuma na yeye Mfipa, na sisi ni watani. Tangu nimemjua mzee huyu hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Akinikuta njiani ananiuliza kama ng'ombe wangu wamelala kitandani salama. Mimi namwomba asinitumie radi, nina watoto. Kiharusi kilipompata, maneno yalimpotea. Anajua anachotaka kusema, unayaona machoni, lakini mdomoni inatoka "eeh," inatoka "a-a," au linatoka jina la mtu mwingine kabisa. Nyimbo za kanisani, hata hivyo, anaimba zote bila kukosea. Na utani nao haukuondoka.

"We Mfipa," nikamwambia, "umeshindwa kuniroga kwa radi, sasa umeniletea chuma?"

Akanikodolea macho. Mdomo ukahangaika, ukahangaika, kisha likatoka neno safi, limenyooka:

"Mshamba!"

"Baba!" Eufrazia akaziba mdomo.

"Muache," nikasema. "Ndiyo salamu yangu hiyo."

Nilifurahi, nisikufiche. Maana kwao nimekwenda mara nyingi na nimeona wanavyokaa naye. Wanamsemesha kwa sauti ya chini, "Baba, chai. Baba, lala," utadhani maiti imelazwa sebuleni. Wanampenda, ndiyo. Lakini mtu hagombezwi, haulizwi kitu, hapingwi! Mimi ningekuwa mgonjwa mkanifanyia hivyo ningekufa kwa makusudi niwakomoe.

Basi kazi ikaanza. Kila asubuhi Eufrazia anamleta mzee na toyo, anamweka kivulini, anakwenda kwenye vibarua vyake, jioni anamfuata. Nililigeuza deki tumbo juu. Nyasi za miaka zilikuwa zimegandamana mle ndani mpaka zimekuwa sementi, na nyigu walishajenga kijiji. Nikachokonoa kwa tindo, nikafukuza nyigu, wawili wakanilipa shingoni. Mzee akacheka. Mdomo umepinda upande mmoja lakini kicheko kikawa kizima.

"Cheka tu," nikamwambia. "Nyigu wenyewe umewatuma wewe."

Bolti zinazoshika visu ndizo zilinipa kazi ya mwanzo. Ya kwanza nilichomeka bomba refu kwenye spana, nikaning'inia na uzito wangu wote, na mimi siyo mwepesi, ikalia kwii ikakubali. Ya pili ikakatika kichwa. Hapo nilitukana, majirani wanajua. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikachukua nati, nikaichomelea juu ya kile kisiki cha bolti kilichobaki, nikangoja kipoe kidogo, nikashika nati kwa spana, na kisiki kikatoka taratibu bila ubishi. Mzee Kassiani aliitazama kazi ile yote na akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekiri. Kwa Mfipa kumkubali Msukuma, hiyo ni sikukuu.

Balaa likawa vile vikombe. Kila kisu kimefungwa kwenye shafti, na shafti imepita katikati ya kikombe cha aluminiamu chenye beringi ndani. Beringi ikiganda shafti haizunguki, na ukitaka kuibadili lazima shafti itoke kwenye kikombe. Hazikutoka. Zote mbili. Nikazimwagia dizeli na mafuta ya breki, asubuhi nikakuta dizeli imekaa juu tu, haikupenya. Nikaweka kipande cha mninga juu ya shafti, nikagonga. Wapi. Nikaweka pula ya kuvutia beringi, nikakaza, nikakaza, pula ikapinda miguu. Pula yangu ile ya siku zote! Nilikaa chini nikaiangalia, machozi yakanilenga, siyo ya huzuni, ya hasira.

Nikawasha moto wa gesi.

"A-a!" Mzee alipiga mkono wa kiti kwa nguvu. "A-a! A-a!"

Alikuwa na haki. Chuma cha kawaida ukikichoma kinakuwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu haikuambii kitu, inakuangalia tu, mara imemwagika chini. Na vikombe vile ukiharibu kimoja, Mpanda hakipo, Tabora hakipo, huko kilikotoka sijui kama hata kiwanda chenyewe bado kipo. Nikazima gesi. Mzee akatulia.

Siku zikaenda. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili tukaenda kanisani, Jumatatu tukarudi kwenye vikombe. Jumatano jioni Eufrazia akaja kumchukua baba yake na macho yamevimba.

"Mke wa Danford alikuja nyumbani," akasema. "Kuangalia jiko."

"Kuangalia nini?"

"Jiko. Alikuwa na adabu, dada, hata alileta ndizi. Akaniuliza kama paa linavuja upande wa chumbani. Nikamwambia linavuja kidogo, pale kwenye kona. Ningefanyaje? Nikamwonyesha."

Akalia sasa, amesimama katikati ya vyuma vyangu, amejifunika uso na kanga. Nikamshika bega. Nikamwambia ukweli, maana uongo sijui kuupika: "Eufrazia, mdogo wangu, nimefika mwisho. Nikigonga zaidi ya hapa navunja. Nadhani nimeshindwa."

Nikaweka nyundo chini, na katika kuinama ndipo nikamwona mzee Kassiani.

Alikuwa amevuta pumzi ndefu, mabega yameshuka. Mikunjo ya kipaji ilikuwa imelegea. Akanyoosha kidole kwenye kikombe cha maji, Eufrazia akampa, akanywa yote, akajifuta mdomo na mkono wa kushoto. Mwanawe analia, wajukuu zake watalala sijui wapi, na mzee anakunywa maji kwa raha zake!

Nikasema moyoni, ebo. Huyu anajua kitu.

Sikulala vizuri kwa kuwaza. Nilikumbuka kila mara niliposhindwa jinsi alivyokuwa ametulia. Nikigusa kitu kwa njia mbaya anapiga kelele. Nikitafuta njia nzuri anaangalia pembeni. Mtu ambaye hajui hutazama mikono ya fundi. Yeye alikuwa akitazama barabara. Asubuhi nikawa nimeshaamua. Ningemuuliza kwa upole angenijibu "a-a," na binti yake angesema baba amechoka, muache. Lakini mimi siyo binti yake. Mimi mtani, na mtani ana ruhusa yake.

Alhamisi, Eufrazia alipomleta, nikamwambia asiondoke kwanza. Nikachukua kitenge changu kizuri nikalifunika deki lote, nikawasha mshumaa pembeni yake. Kisha nikajitupa chini kwenye vumbi nikapiga yowe.

"Uwiii! Jamani, njooni! Binti Kassiani amefariki! Deki amekufa jamani!"

Zuleha, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, ni mtu anayeelewa mambo haraka. Akaacha karai lake, akajitanda mtandio, akaja akilia kwa sauti kunishinda. Wateja wake wakamfuata na maandazi mkononi. Watu wa mashine ya kusaga wakatoka na unga kwenye kope.

"Marehemu ameacha nani?" Zuleha akauliza katikati ya kilio.

"Ameacha baba, Mfipa mmoja mchoyo!" Nikalala kifudifudi juu ya deki. "Haondoki hapa mtu, wala hazikwi, mpaka Wafipa watoe kuku! Jogoo! Mwenye kishungi!"

Watu wakacheka, maana kila mtu anajua watani ndivyo wafanyavyo msibani, hujilaza hata kaburini mpaka wafiwa watoe kitu. Hata Eufrazia akaanza kutabasamu kwa shida. Mzee Kassiani hakucheka.

Nikakaa kitako. Nikaacha kulia.

"Na tukishachimba," nikasema, "tuchimbe lile la baba mtu hapo hapo pembeni. Huyu naye alishakata roho zamani, ni vile tu hajatutangazia. Tumlaze na mashine yake, wafunikane. Wajukuu wasitusumbue, watapata pa kulala sokoni. Na chakula cha msiba atatupikia mke wa Danford. Jiko ameshaliona."

Zuleha akanitazama kama nimevuka mpaka. Eufrazia akasema, "Dada Minza, jamani!"

Mzee Kassiani alishika nguzo ya karakana kwa mkono wa kushoto. Eufrazia akakimbilia kumshika, nikamzuia. Muache. Mzee akajivuta. Mguu mmoja ukakataa, akauburuta, akajivuta tena, akasimama. Uso umeiva, mishipa imesimama shingoni, na maneno yakatoka, haki ya Mungu, yakatoka kama mtu aliyefungua zizi la ng'ombe:

"Mshenzi wewe! Mjinga! Fundi gani wewe! Moto! Moto wa nini! Maji! Maji ya moto! Pipa! Chemsha, mshamba, chemsha! Mawese hayo! Mawese!"

Akashtuka mwenyewe. Akatuangalia sote mdomo wazi, akakaa kwa kishindo, na maneno yakafunga mlango tena.

"Mawese?" Zuleha akauliza.

Eufrazia akajipiga kipajini. "Mama yangu! Pipa!" Akatueleza haraka haraka. Kila mwaka nyasi zikikauka baba yake alikuwa akilitia maji pipa lililokatwa nusu, nyuma ya jiko la parokia, anachemsha kutwa nzima, na mtoto yeyote akisogea anakimbizwa na fimbo. Wao walidhani anapika sabuni.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Kassiani ni mtu wa Karema. Kule ziwani mawese ni mboga, ni taa, ni dawa ya ngozi, na mlango ukilia unapakwa mawese. Enzi za ujana wake grisi huku ilikuwa haipatikani, basi akazipaka beringi kitu alichokijua. Fundi mwingine yeyote duniani asingefanya hivyo, na asingewaza kwamba mtu amefanya. Mawese yakichemkia kwenye beringi, yakichanganyika na vumbi la nyasi, yanakuwa gundi nyeusi, ile inayoshika kwenye kikaango kisichooshwa. Ndiyo maana kila mwaka aliyachemsha yatoke, akapaka mapya. Masika mawili hajachemsha mtu, gundi ikawa jiwe. Na mimi nagonga!

"Baba," Eufrazia akasema, amechuchumaa mbele yake. "Ulikuwa unajua? Siku zote hizi, mimi nalia, ulikuwa unajua?"

Mzee akaangalia barabarani.

Hapo utani uliniisha. Nilimkasirikia kweli kweli. Niliwaona wale watoto na vigodoro vyao kichwani, na huyu babu amekaa juu ya jibu kama kuku juu ya yai viza. Nilifungua mdomo nimwambie neno la kweli, lisilo la utani, na Eufrazia akanishika mkono.

"Tuchemshe kwanza, dada."

Tukachemsha. Zuleha alileta kuni zake, mwenye mashine ya kusaga akatoa pipa. Nilivifungua vikombe kwenye deki nikavitumbukiza vizima, na shafti zake ndani. Maji yalipochemka vizuri, juu yakaanza kuelea mafuta, mwanzo meusi, halafu yanakuwa mekundu, na Makanyagio nzima ikanuka samaki waliokaangwa mwaka juzi. Nikaviacha humo mpaka jua likapinda. Nikatoa cha kwanza kwa gunia, nikakiweka juu ya mbao, nikagonga shafti na mninga mara moja, kidogo tu, kama unavyobisha hodi kwa mkwe. Ikateleza ikatoka yenyewe. Cha pili vile vile. Zuleha akapiga kigelegele mpaka maandazi yake yakaungua. Mimi nilikumbatia kikombe kile kikiwa bado cha moto, nikaungua, sikujali.

Beringi mpya za saizi ile zipo hata kwenye maduka ya pikipiki. Ijumaa nilisafisha, nikapaka grisi, nikafunga shafti, nikanoa visu. Mzee alikuwa kivulini kama kawaida. Sikumtania. Naye hakuniita mshamba. Kazi ya siku ile ilikuwa nzuri na sikuifurahia.

Jumamosi asubuhi tukafunga deki chini ya kitrekta, pale uwanjani. Petroli nilitia mimi. Mwenyekiti wa walei, mzee Telesfori, alikuja na wenzake, na Danford naye alikuja na mkewe, wakasimama kwa adabu karibu na mnara wa kengele. Eufrazia alipanda kwenye kiti cha baba yake na sketi yake ya kanisani. Mzee tulimweka ukutani kwenye kivuli, nami nikasimama karibu naye, maana sikuwa na mahali pengine pa kusimama.

Injini ikakohoa, ikashika. Eufrazia akasukuma leva ya kuwashia visu. Visu vikalia vuuu, sauti laini, moja, na nyasi zikaanza kuruka pembeni. Akaenda mpaka golini akageuka, mstari umepinda kidogo, akarudi, akaenda tena. Harufu ya nyasi mbichi ikajaa. Watoto wake walikuwa wakikimbia nyuma ya mashine wakipiga kelele, na hakuna aliyewafukuza. Alipofika nusu ya uwanja, mzee Telesfori akainua mkono, Eufrazia akapunguza moto.

"Inatosha kuona," mwenyekiti akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Eufrazia, kazi ni yako. Na nyumba mbaki."

Wamama wakapiga vigelegele. Danford mwenyewe akapiga makofi, na mkewe akaenda kumkumbatia Eufrazia pale pale kwenye usukani. Mimi nilikuwa nalia na sikuona aibu.

Ndipo nikasikia, chini pembeni yangu, sauti ndogo:

"Na mimi?"

Nikainama. Mzee Kassiani alikuwa anatazama kitrekta. Neno lilikuwa limetoka lenyewe, bila hasira, bila wimbo. Akarudia, safari hii wakasikia na wengine.

"Na mimi?"

Vigelegele vikapungua, vikaisha. Na mimi nikaona nilivyokuwa sijaelewa kitu. Mzee huyu hakuwa akiwanyima nyumba kwa choyo. Mashine ikiwa imeganda, bado ilikuwa ya Kassiani, inamngoja Kassiani. Siku itakapokata chini ya mtu mwingine, yeye anabaki mzee wa kunyweshwa uji. Alilijua hilo kila nilipoinua nyundo, na bado juzi alisimama akaniambia. Hasira yangu yote ilitoka, nikamwonea huruma.

Eufrazia alizima injini. Akashuka, akapita kati ya watu mpaka ukutani, akapiga magoti mbele ya baba yake kwenye nyasi alizozikata.

"Baba," akasema, na siyo kwa ile sauti ya chini ya mgonjwani, alisema kwa sauti yake. "Kazi nimepewa, lakini huu uwanja ni wako na mimi siujui. Nimeanza ovyo, mistari imepinda, umeona mwenyewe. Nianzie wapi?"

Mkono wa kushoto wa mzee ukainuka, ukavuka uwanja, ukaelekeza kona ya mbali, kwenye tenki la maji.

"Pale," Eufrazia akasema. "Sawa, baba."

Akarudi akawasha. Kona ya tenki ndiyo aliyoikata mwanzo kabisa, ilikuwa safi, hakuna hata jani la kumtosha mbuzi. Akaenda hapo hapo, akashusha visu, akaanza upya. Petroli ilikuwa yangu, na fundi yeyote atakwambia kuzungusha visu mahali pasipo na nyasi ni hasara tupu. Nilikaa chini pembeni ya kile kiti, nikaiacha iishe. Kila mwisho wa mstari Eufrazia aligeuza shingo kutazama ukutani, na mzee Kassiani akamwonyesha kwa mkono apinde wapi.